Rangi ya kahawia kwenye slaidi inajibu swali gani? Kuhusu kipimo cha IHC

Kuna swali naulizwa sana na watu walioshika ripoti ya patholojia mkononi, iwe yao wenyewe au ya mzazi au ya ndugu, wamekuta mstari umeandikwa CK7 chanya, CK20 hasi, TTF-1 chanya, napsini A chanya, na macho yao yote yamegota kwenye ile "chanya" kwa sababu kwenye vipimo vingi tulivyozoea chanya ni habari mbaya. Kwenye immunohistokemia, au IHC kama wengi tunavyoiita, haiko hivo. Chanya maana yake protini fulani imeonekana kwenye seli fulani, basi. Protini hiyo inaweza kuwa ndo sababu dawa nzuri itafanya kazi, au inaweza kuwa protini ya kawaida kabisa ambayo kwenye ripoti imewekwa ili kuonyesha uvimbe ulianzia wapi. Mimi nashinda maabara na hizi slaidi, na naona kipimo hiki kinaeleweka vibaya pande zote mbili, kuna wanaodhani ni mashine unaiwekea nyama inakutajia jina la kansa, na kuna wanaodhani ni kitu cha kuchelewesha majibu tu.

Ukweli ni kwamba IHC inajibu swali lililoulizwa. Haianzishi mazungumzo yenyewe. Na hata swali likiwa zuri namna gani, kama tishu iliharibika kabla haijatufikia, jibu litakalotoka halina thamani, na mara nyingine litakuwa la uongo kabisa bila mtu kujua.

Kabla ya IHC kuna hatua nyingine. Kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa kinawekwa kwenye formalini, kinapitishwa kwenye alkoholi na zailini, kinazamishwa kwenye nta ya parafini mpaka kinakuwa bloku ngumu, halafu kinakatwa kwa maikrotomu vipande vyembamba vya kama mikroni 3 hadi 5, yaani unene mdogo kuliko seli nyingi zilizomo ndani yake. Kipande cha kwanza kinapakwa hematoksilini na eosini, viini vya seli vinakuwa bluu ya zambarau na sehemu nyingine zinakuwa za waridi, na daktari wa patholojia anakaa kwenye hadubini anaangalia. Kesi nyingi zinaishia hapo hapo. Sura ya tishu inatosha kumwambia hii ni nini, na hakuna haja ya kingamwili yoyote, yaani zile protini za IHC zinazotafuta protini nyingine. Ni pale sura inapobakiza maswali mawili matatu ndo anaandika kwenye karatasi: nipakieni hii, hii na hii.

Chukua kesi ya tezi la limfu la shingoni lililojaa seli kubwa zilizoharibika sura, hazijapangika kama gland, hazina kitu chochote cha kuzitambulisha. Kwa hematoksilini na eosini peke yake inaweza kuwa kasinoma (kansa ya seli za epithelia, zile zinazofunika ngozi na viungo) iliyosambaa kutoka sehemu nyingine, inaweza kuwa limfoma (kansa ya seli za limfu), inaweza kuwa melanoma (kansa ya seli za rangi ya ngozi). Sasa hebu fikiria tofauti ya tiba hapo. Limfoma nyingi zenye seli kubwa zinatibika kwa kemo na kingamwili za dawa hata kama ugonjwa umeshaenea, na wapo wanaopona kabisa, kasinoma iliyosambaa inabidi utafute chanzo chake kwanza, melanoma ina njia yake nyingine kabisa. Kwa hiyo unapaka saitokeratini, ambayo ni protini ya seli za epithelia, unapaka CD45 ambayo iko kwenye seli nyeupe za damu, unapaka S100 na SOX10 kwa ajili ya melanoma. Saitokeratini ikiwa hasi na CD45 ikawaka, yaani ikatoa rangi ya kahawia, umeshatoka kwenye njia panda, sasa unaendelea mbele na CD20 kwa seli B, CD3 kwa seli T, na nyingine za kutofautisha aina ndani ya limfoma.

Ila hapo hapo ndo kuna mtego, na mtego huu ndo unaonifanya nisiamini mtu anayetaka kupaka kitu kimoja tu ili aokoe muda. Kwa watoto kuna kundi la uvimbe ambao kwenye hadubini ni seli ndogo za duara, za bluu, zinafanana kupita kiasi: sakoma ya Ewing, rabdomiosakoma, neuroblastoma, limfoma ya limfoblasti. Sakoma ya Ewing inawaka CD99 vizuri sana, utando mzima wa seli unazunguka kahawia. Mtu akiona hivo anaweza kusema tayari, tumepata. Lakini limfoma ya limfoblasti nayo inawaka CD99, na ubaya zaidi ni kwamba baadhi yake CD45 inakuwa hasi au hafifu mno, kwa hiyo mtu aliyepaka CD99 na CD45 peke yake ana kila sababu ya kuamini kwamba ameona Ewing wakati mtoto ana limfoma. TdT ndo inaokoa hapo, maana ni protini ya limfoblasti changa, na kwa Ewing inasaidia kuongeza NKX2.2 na baadae kuthibitisha mabadiliko ya jini yenyewe. Rabdomiosakoma utaikamata kwa desmini na miojenini. Ndo maana tunapaka paneli, yaani kundi la kingamwili zilizochaguliwa ili kila moja ibane nyingine, ikiwa pamoja na zile unazotegemea zitoke hasi. Hasi iliyotegemewa ina uzito sawa na chanya iliyotegemewa.

Sasa ile rangi inatokeaje. Kingamwili ni protini ambazo mwili wa mnyama unazitengeneza ili kushika kitu kigeni, na kila moja inashika sehemu ndogo sana ya umbo fulani tu. Ukimchanja sungura au panya protini ya binadamu, atatengeneza kingamwili dhidi yake, na hizo ndo tunazitumia. Hii ya kwanza inamwagwa juu ya kipande cha tishu, inatafuta protini yake, ikiipata inang'ang'ania, isipoipata inaoshwa na maji ya bafa inaondoka. Peke yake haionekani, kwa hiyo inakuja ya pili, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili ya sungura au ya panya, na hii imebeba kimeng'enya cha peroksidesi. Mwisho unaweka kemikali inaitwa DAB, kimeng'enya kinaibadilisha inakuwa kahawia isiyoyeyuka, inaganda pale pale protini ilipo. Unamalizia na hematoksilini kidogo ili viini viwe bluu na msomaji ajue yuko wapi. Katikati kuna vihatua ambavyo mtu wa nje havioni lakini ukiviruka unajuta, mfano kuweka haidrojeni peroksaidi mapema, kwa sababu seli nyekundu za damu na baadhi ya seli nyeupe zina peroksidesi yake au kitu kinachofanya kazi kama hiyo, usipoizima kwanza nayo itageuza DAB na slaidi itajaa kahawia isiyohusiana na swali lako.

Wazo lenyewe ni la zamani. Albert Coons na wenzake pale Harvard ndo waliofunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili mwaka 1941 na kuitumia kutafuta bakteria wa nimonia kwenye tishu, ila hiyo ilihitaji hadubini maalumu na haikukaa vizuri na kazi ya kawaida ya patholojia. Miaka ya 1960 Nakane na Pierce wakabadilisha rangi ile kwa kimeng'enya, hapo ukaweza kuangalia kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1974 Clive Taylor na mwenzake wakaonyesha kwamba inawezekana kwenye tishu iliyokaa formalini na kuwekwa kwenye parafini, na kwangu mimi hii ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa, kwa sababu bloku za parafini ndo akiba ya kila maabara ya patholojia duniani. Mwaka uliofuata, 1975, Georges Köhler na César Milstein wakatoa njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu bila kikomo, kazi iliyowapa Nobeli mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Kabla ya hapo kila sungura alikupa mchanganyiko wake, akifa umeishiwa.

Kilichobaki kikawa tatizo la formalini yenyewe. Formalini inahifadhi tishu kwa kufunga protini pamoja, zinasokotana kama wavu wa samaki uliokaukia juani, na ile sehemu ndogo ambayo kingamwili inaitafuta inafichwa ndani. Kingamwili nyingi nzuri zilikuwa hazifanyi kazi kabisa kwenye parafini kwa sababu hii. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake wakatoa kitu kinachoshangaza kwa urahisi wake: chemsha slaidi. Waliweka kwenye oveni ya maikrowevu, ndani ya kimiminika, na protini zikafunguka upya. Mpaka sasa karibu kila slaidi ya IHC inapita kwenye joto la karibu nyuzi 95 hadi 100, kwenye bafa ya sitreti yenye pH 6 au bafa ya EDTA au Tris yenye pH karibu na 9, na ukibadilisha hiyo pH tu kingamwili ile ile inaweza kutoka hafifu au kutoka safi. Kila kingamwili mpya inayoingia maabara inabidi ijaribiwe upya kwenye tishu zinazojulikana kabla haijaguswa ya mgonjwa, haijalishi karatasi ya mtengenezaji inasema nini.

Nakuja kwenye jambo ambalo naliona la muhimu kuliko yote na ndo linalosemwa kidogo kuliko yote. Ubora wa IHC unaamuliwa chumba cha upasuaji. Tishu ikishatolewa mwilini haina damu tena, seli zinaanza kujila zenyewe, protini zinavunjika, na zile za kipokezi cha estrojeni (ER) na projesteroni ziko kwenye orodha ya zinazoumia. Miongozo ya kimataifa ya saratani ya matiti inataka kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa 1, kiwe formalini ya asilimia 10 yenye bafa, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Formalini inapenya polepole, takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo ukitoa titi zima ukalitumbukiza kwenye ndoo bila kulichana, nje panahifadhika na katikati, ambako mara nyingi ndo uvimbe ulipo, panaendelea kuoza mpaka kesho yake. Chombo kikiwa kidogo na formalini ya kulowanisha tu ni yale yale, kunatakiwa angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Kisha slaidi inapakwa, ER inatoka hasi, na hakuna mtu kwenye mnyororo ule anayejua kwamba ile hasi ilitengenezwa na saa nyingi za kusubiri kwenye meza. Mama yule anakosa tamoksifeni, dawa ya vidonge ambayo ingemlinda kwa miaka. Hili linaniuma kwa sababu halihitaji mashine mpya wala kingamwili mpya, linahitaji kisu, chombo kikubwa, formalini ya kutosha na mtu wa kuandika muda kwenye fomu: imetoka mwilini saa ngapi, imeingia formalini saa ngapi. Hiyo mistari miwili kwenye fomu ni sehemu ya kipimo. Mfupa una shida yake pia, ukiulainisha kwa asidi kali baadhi ya protini zinapotea, EDTA ni ya polepole lakini ina huruma zaidi.

Na ndo maana kontroli sio mapambo. Kila mzunguko lazima uwe na tishu inayojulikana ina protini ile, ikiwezekana kwenye slaidi hiyo hiyo ya mgonjwa, kusudi ukiona hasi kwa mgonjwa na kontroli imewaka ujue kemikali zilifanya kazi. Lakini kontroli ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mgonjwa amekuja nayo mwenyewe. Kwenye kinyama cha titi mara nyingi kuna mifereji ya kawaida pembeni ya uvimbe, na baadhi ya seli zake zinatakiwa ziwake ER. Uvimbe ukiwa hasi na mifereji ile ya kawaida imewaka, hasi hiyo naiamini. Vyote vikiwa hasi, hapo jibu sahihi ni kwamba kipimo hakijafaulu, rudia, na kama tishu yenyewe imekwisha basi iandikwe hivo kwenye ripoti kuliko kuandika hasi. Kontroli ya nje haiwezi kukuambia hili, kwa sababu yenyewe ilihifadhiwa vizuri, siku nyingine, na mtu mwingine.

Kuna protini ambazo tunazitafuta ili tuone kama hazipo. MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6 ni za kurekebisha makosa ya DNA, seli za kawaida zote zinazo kwenye viini vyake, na kwenye baadhi ya saratani za utumbo mpana na za mji wa mimba moja au mbili zinakuwa zimepotea. Zinapotea kwa jozi mara nyingi, MLH1 ikiondoka inaondoka na PMS2, MSH2 ikiondoka inaondoka na MSH6. Hapo msomaji anaangalia uvimbe ulio bluu tupu huku limfosaiti zilizopita katikati yake zikiwa kahawia, na anajua kabisa kwamba huu upotevu ni wa kweli. Matokeo haya yanaweza kufungua mlango wa dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, na pia yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kurithi unaoitwa sindromu ya Lynch, ingawa kupotea kwa MLH1 kwa wengi ni kwa sababu jini limezimwa kwenye uvimbe tu na halijarithiwa, kwa hiyo kinafuata kipimo kingine kabla familia haijapewa hofu.

Halafu kuna suala la rangi iko wapi. ER, TTF-1, na Ki-67 (protini ya seli zinazogawanyika) zinahesabiwa kwenye kiini. HER2, protini ya kuchochea ukuaji inayopimwa sana kwenye saratani ya titi, inahesabiwa kwenye utando wa nje. Rangi ikikaa mahali pasipo pake haihesabiki hata iwe kali kiasi gani. Mfano mzuri ni TTF-1, kwenye kiini inaelekeza mapafu au tezi ya shingo ya thairoidi, lakini kingamwili moja maarufu ya TTF-1 inaweza kupaka saitoplazimu ya seli za ini, na msomaji asiyezingatia hilo anaweza kuandika mapafu kwa mtu mwenye kansa ya ini. Kingo za kipande, sehemu zilizokufa, seli zilizobanwa na koleo wakati wa kuchukua kinyama, zote hizi zinapenda kunywa rangi bila sababu, na mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kazi hii anaziruka macho yenyewe.

Mtu akiuliza kama kuna kingamwili ya kansa, jibu ni hapana, na hili nalisema kwa msisitizo. Saitokeratini iko kwenye ngozi yako na kwenye utumbo wako ukiwa mzima. CD117 inawaka kwenye uvimbe wa GIST wa tumbo ambao unatibiwa kwa imatinibu, lakini inawaka pia kwenye seli za masti za kawaida na kwenye baadhi ya melanoma. Uamuzi kwamba hii ni kansa unatoka kwenye sura ya tishu kwanza, ingawa kuna sehemu IHC inasogeza mizani, kama tezi dume ambapo seli za msingi zinazozunguka gland zinapakwa p63, zikiwepo gland ile kwa kawaida haijawa kansa ya kupenya, zikikosekana kabisa kwenye gland ndogo zenye sura mbaya wasiwasi unakuwa mkubwa. Na kwa virusi kipimo hiki ni kizuri sana, HHV8 kwenye sakoma ya Kaposi inakaa kwenye viini kama vitone vya kahawia na inamaliza ubishi.

Kuhusu HER2 watu wanaona 0, 1+, 2+, 3+ wanadhani ni hatua za ugonjwa. Sio hatua. Ni ukali na ukamilifu wa rangi kwenye utando. 3+ ni utando mzima kuzungukwa kwa rangi kali kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za uvimbe, na mgonjwa huyo anaweza kufaidika na trastuzumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na yenyewe ni kingamwili, yaani kinachomtibu kinafanana na kilichompima. 2+ ni jibu lisiloamua, linahitaji kuhesabu nakala za jini kwa njia nyingine, kwa hiyo ukiona 2+ uliza kipimo kinachofuata kimefanyika au bado. Zamani 1+ ilitupwa kapu moja na 0, ila tangu 2022 kuna dawa iliyoidhinishwa kwa saratani ya titi iliyosambaa yenye HER2 ya chini, yaani 1+, au 2+ isiyo na nakala za jini zilizozidi, na hivo tofauti ndogo ya rangi hafifu ambayo hakuna aliyekuwa anaijali sasa ina maana kwa mgonjwa. ER ni rahisi kidogo, asilimia 1 ya viini ikiwaka inahesabika chanya, ila kati ya 1 na 10 inaandikwa kuwa chanya ya chini kwa sababu faida ya dawa za homoni pale haijulikani vizuri.

Cha mwisho ni bloku. Slaidi zilizokatwa zikakaa kabatini zinapoteza uwezo wa kushika kingamwili kadiri muda unavyokwenda, lakini ile bloku ya parafini ikikaa pakavu na mbali na joto inaweza kukatwa tena baada ya miaka na kupakwa kingamwili ambayo siku ya upasuaji haikuwepo. Kwa hiyo ukienda kuomba maoni ya pili, usichukue karatasi ya ripoti tu, omba slaidi za hematoksilini na eosini, za IHC pamoja na kontroli zake, na omba bloku, au kama maabara haitoi bloku yenyewe, omba vipande vipya visivyopakwa vilivyobandikwa kwenye slaidi zenye chaji ili visibanduke wakati wa kuchemshwa.